Haki ya Kujua Kilichomo Mkononi



Fedha ni ahadi. Karatasi ya noti yenyewe ina thamani ndogo sana. Thamani yake yote hutokana na tamko la dola kwamba karatasi hii ni shilingi elfu kumi na ile ni shilingi elfu moja, na kwamba kila mtu katika nchi ataipokea hivyo. Tamko hilo huandikwa juu ya noti kwa tarakimu, kwa maneno, kwa rangi na kwa picha. Lakini tukizingatia tutaona kwamba njia zote hizo nne zinadai jambo moja kwa mpokeaji, nalo ni macho yanayoona. Kwa ndugu yetu asiyeona, noti iliyochapwa bila yeye kufikiriwa ni karatasi tu, na ahadi iliyoandikwa juu yake ni ahadi ambayo hana budi kusomewa na mtu mwingine.

Katika tafakari ya juma hili tunapenda kulitazama jambo hili, ambalo wengi wetu tunaoona hatulifikirii kwa sababu halijatugusa. Tuseme tangu mwanzo tunaposimama: noti inayotambulika kwa vidole ni haki ya raia, wala si fadhila anayotendewa na serikali yenye huruma. Na haki hiyo haitimizwi kwa kumwambia asiyeona aombe msaada, hata kama wapo wengi walio tayari kumsaidia.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida katika masoko yetu. Mama asiyeona anauza karanga kando ya stendi ya mabasi. Mteja anachukua mafungu mawili, anamtia noti mkononi na kusema, "Mama, hiyo ni elfu tano, naomba chenji." Mama huyo ana njia tatu. Anaweza kumwamini mteja. Anaweza kumwita mtu wa tatu amwambie ni noti gani, na kwa kufanya hivyo akamfunulia mgeni kilichomo katika mfuko wake katikati ya umati. Au anaweza kuikataa noti na kuikosa biashara. Jirani yake anayeona hahitaji hata moja kati ya njia hizo. Hutupa jicho mara moja, hurudisha chenji, na kazi huendelea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyu anafanya biashara huku daftari lake likiwa machoni pa wengine.

Wako watakaosema kwamba kuaminiana ni jambo jema, na kwamba jamii iliyo hai ni ile ambayo watu wake husaidiana. Nasi tunakubali. Lakini imani ya kweli hutolewa kwa hiari. Anayeamini kwa sababu hana njia nyingine amelazimishwa, na imani ya kulazimishwa haimjengi yeyote. Tena hata mteja mwaminifu hudhulumika hapo, kwa maana hana namna ya kuuthibitisha uaminifu wake. Kosa dogo la hesabu, hata lisilokusudiwa, huacha shaka kati ya watu wawili wasio na hatia. Noti inayosomeka kwa vidole haiondoi kuaminiana kati ya watu. Inachoondoa ni shuruti.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Makadirio ya kitaalamu ya mwaka 2020 yalihesabu vipofu wapatao milioni 43 duniani, mbali na mamia ya milioni wenye uoni hafifu. Walio wengi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani katika nchi ambazo fedha taslimu ndiyo inayonunua unga, inayolipa nauli na inayolipa kibarua cha siku. Na wengi wao ni wazee waliopoteza uoni ukubwani, kwa mtoto wa jicho, kwa presha ya macho au kwa kisukari. Kwa hiyo tunaposema juu ya kipofu na noti, tunasema pia juu ya wazazi wetu, na huenda juu yetu sisi wenyewe baada ya miaka michache.

Kesi iliyolipima suala hili kwa undani mahakamani ilisikilizwa nchini Marekani. Noti za dola, kuanzia ya 1 hadi ya 100, zina ukubwa mmoja: urefu wa milimita 156 na upana wa milimita 66. Rangi zake kwa miaka mingi zilikaribia kuwa moja. Asiyeona katika nchi hiyo amezoea kuzikunja noti kwa namna mbalimbali: ya 1 anaiacha wazi, ya 5 anaikunja kwa upande mmoja, ya 10 kwa upande mwingine, na ya 20 anaikunja mara mbili. Ni ustadi wa kusifiwa. Hata hivyo, ili aikunje noti ipasavyo ni lazima kwanza mtu amwambie ni noti gani, na hapo tunarudi kwa yule yule mtu wa tatu.

Mwaka 2002 chama kiitwacho American Council of the Blind kiliishtaki Wizara ya Fedha ya nchi hiyo. Kilitegemea sheria ya mwaka 1973 inayokataza shughuli yoyote ya serikali kuu kumnyima mtu manufaa yake kwa sababu ya ulemavu. Mnamo tarehe 28 Novemba 2006 Jaji James Robertson aliamua kwamba Wizara ilikuwa imeivunja sheria hiyo. Alibainisha kwamba miongoni mwa nchi zaidi ya 180 zinazotoa noti, ni Marekani peke yake iliyokuwa ikizichapa zote kwa ukubwa mmoja na rangi moja. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 20 Mei 2008 Mahakama ya Rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikauthibitisha uamuzi ule.

Hoja ya serikali katika rufaa ndiyo inayotupasa kuitafakari, kwa sababu ndiyo hoja inayosikika kila mahali. Serikali ilisema kwamba wasioona wamemudu maisha: wanazikunja noti, wana vifaa, wana watu wa kuwauliza. Mahakama ikajibu kwamba hoja hiyo ni sawa na kudai kuwa jengo lenye ngazi tupu halimnyimi nafasi mtu asiyeweza kutembea, kwa vile anaweza kutambaa au kuwaomba wapita njia wambebe. Mtu kuweza kuishi na kikwazo hakumaanishi kwamba kikwazo hakipo. Sheria ya kale katika kitabu cha Walawi ilikataza kumwekea kipofu kikwazo mbele yake. Tunapenda kuongeza kwamba kikwazo huweza kuwekwa hata na mkono usio na nia mbaya, kwa kutofikiri tu. Na anayeonyeshwa kikwazo alichokiweka, kisha akakiacha pale pale, hawezi tena kujitetea kwamba hakukusudia.

Haki inatudai tueleze pia kwamba wasioona wa Marekani hawakuwa na sauti moja. Chama kingine kikubwa, National Federation of the Blind, kiliupinga uamuzi wa mwaka 2006. Viongozi wake waliona hatari kwamba umma utaaminishwa kuwa kipofu ni mtu asiyejiweza hadi dunia nzima ibadilishwe kwa ajili yake, na kwamba picha hiyo itamfungia milango ya ajira. Hoja hii ni nzito na imetoka kwa wenyewe, wala hatuidharau. Lakini kwa maoni yetu inafikia hitimisho lisilofuata. Tarakimu kubwa juu ya noti ni msaada kwa anayeona, na hakuna amwitaye asiyejiweza kwa kuzitegemea. Kwa nini basi alama kwa ajili ya vidole imfanye kipofu kuwa mnyonge? Kinachomwonyesha kama mnyonge ni kusimama mbele ya dirisha la benki akiuliza, "Hii ni ya ngapi?"

Baada ya hukumu, mnamo Mei 2011, Waziri wa Fedha Timothy Geithner aliidhinisha hatua tatu: alama za mwinuko zinazohisika kwa vidole, tarakimu kubwa zenye rangi ya kukolea kwa wenye uoni hafifu, na ugawaji wa vifaa vidogo vinavyoisoma noti kwa sauti. Vifaa vilianza kugawiwa bure katika miaka michache iliyofuata. Alama za mwinuko, ambazo ndizo kiini cha madai, zilifungamanishwa na mpango wa kuzichora upya noti ili kupambana na waghushi. Noti ya dola 10 ilikusudiwa iwe ya kwanza, ikitarajiwa mwaka 2020. Kisha ratiba ikasogezwa hadi mwaka 2026. Mtoto aliyezaliwa mwaka kesi ilipofunguliwa alitimiza umri wa kupiga kura bila kuiona noti hata moja yenye alama hiyo. Na noti ya dola 1 haikuhusishwa na amri ya mahakama.

Je, ni kazi ngumu kiasi hicho? Mifano ya nchi nyingine inaonyesha kwamba sivyo. Noti za euro zilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2002, umoja wa vyama vya wasioona wa Ulaya ulikuwa umeshauriwa tangu hatua za uchoraji. Matokeo yake ni kwamba kila noti ina ukubwa wake: ya 5 ina milimita 120 kwa 62, ya 10 ina milimita 127 kwa 67, ya 20 ina milimita 133 kwa 72. Rangi za noti zinazofuatana zilichaguliwa zitofautiane sana, na tarakimu zikawa kubwa. Mambo hayo yote yalikuwamo tangu siku ya kwanza, kwa sababu waliohusika waliulizwa kabla ya mashine kuanza kuzunguka.

Kanada ilikuwa na tatizo lile lile la Marekani, yaani noti zote za ukubwa mmoja, nayo haikubadili ukubwa. Kuanzia mwaka 2001 iliweka juu ya noti mafungu ya nukta za mwinuko: fungu moja kwa dola 5, mawili kwa dola 10, matatu kwa dola 20, manne kwa dola 50. Hayo si maandishi ya nukta nundu, na sababu yake ni ya busara: wengi waliopoteza uoni ukubwani hawakujifunza kuyasoma. Alama inayohesabika kwa kidole haihitaji shule. Uingereza nayo, ilipohamia noti za plastiki, iliweka mafungu ya nukta juu ya noti ya pauni 10 mwaka 2017, ya 20 mwaka 2020 na ya 50 mwaka 2021. Ile ya pauni 5, iliyo ndogo kuliko zote, hutambulika kwa kukosa alama.

Huko Australia jambo lilianzia kwa mtoto. Kijana mdogo asiyeona alipewa fedha kuwa zawadi ya Krismasi, naye hakuweza kujua amepewa kiasi gani. Akaanzisha ombi kwa Benki Kuu ya nchi yake, na makumi ya maelfu ya watu wakatia saini. Tarehe 1 Septemba 2016 ilitoka noti mpya ya dola 5 yenye kinundu kimoja katika kila ukingo wake mrefu. Zilizofuata zikapewa viwili, vitatu, vinne, hadi ile ya dola 100 iliyotoka mwaka 2020 ikiwa na vitano. Noti za Australia tayari zilikuwa zikitofautiana kwa urefu, na bado mtoto yule alikuwa na haki ya kulalamika. Tofauti ya urefu humsaidia mwenye noti mbili za kulinganisha. Mwenye noti moja mkononi hana cha kuipimia.

Fundisho hilo linatuhusu moja kwa moja. Noti za Tanzania zilizoanza kutumika mwaka 2011 hurefuka kadiri thamani inavyopanda, lakini kwa milimita chache tu. Noti mpya iliyotoka benki, yenye pembe zake zote, huenda ikapimwa kwa vidole vilivyozoea. Lakini noti ya sokoni imekunjwa, imelowa jasho, imefungwa katika pindo la khanga, na mwinuko wa wino wake umelainika kwa kupita mikononi. Noti ya shilingi 500 ilichakaa haraka kiasi cha kupewa sarafu ya kuisaidia mwaka 2014, na sarafu, kwa uzito na ukingo wake, ni rafiki wa vidole kuliko karatasi yoyote. Jirani zetu wa Kenya walitoa noti mpya tarehe 1 Juni 2019, na raia wakapewa hadi tarehe 30 Septemba mwaka huo kuzirudisha zile za zamani za shilingi 1,000. Kwa anayeona, miezi minne kama hiyo ni usumbufu wa kupanga foleni. Kwa asiyeona ni miezi ya kubeba mfukoni aina mbili za fedha huku akivifundisha vidole vyake lugha mpya.

Pengine msomaji atasema kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi fedha iko katika simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mamilioni ya watu wa ukanda wetu hutuma na kupokea fedha bila kugusa noti, nasi tunaishukuru huduma hiyo. Vilevile zipo programu za simu zinazoitambua noti kwa kamera na kuitaja kwa sauti. Benki Kuu ya India ilitoa yake tarehe 1 Januari 2020. Lakini simu ndogo ya bei nafuu, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa wanyonge, haisemi. Asiyeona mwenye simu hiyo humwomba mtu mwingine amsomee ujumbe, na mara nyingi humtajia hata namba yake ya siri. Hapo yule mtu wa tatu amerudi tena, safari hii akiwa na ufunguo wa akiba yote. Ama simu inayosema, ni ghali, huishiwa chaji, na kuitoa mfukoni katikati ya stendi ni kumwalika kibaka. Vifaa ni msaada mzuri wa ziada. Lakini uwezo wa kujieleza lazima uwe ndani ya noti yenyewe, kwa sababu noti ndiyo inayofika kwa kila mtu.

Wala wajibu huu hautokani na maoni yetu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unatamka katika kifungu chake cha 12 kwamba watu wenye ulemavu wana haki sawa na wengine ya kusimamia mambo yao ya fedha wenyewe. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Nchi inayoridhia maneno hayo, kisha ikachapa fedha ambayo raia wake hawawezi kuitambua, inajipinga yenyewe.

Tunapendekeza nini basi? Kwanza, kila benki kuu inapofikiria toleo jipya la noti, iwaite wasioona mezani kabla ya kuchora. Kesi ya Marekani imeonyesha kwamba kusahihisha baadaye hula miongo. Pili, ukubwa unaotofautiana na alama za kuhesabika kwa vidole viende pamoja, kwa kuwa kimoja hufidia upungufu wa kingine. Tatu, majaribio yafanywe kwa noti zilizochakaa, mikononi mwa wauzaji na wazee, siyo kwa noti safi katika ofisi yenye kiyoyozi. Nne, noti mpya inapotangazwa, tangazo lisiishie katika mabango ya rangi. Liende redioni, liende katika shule na vyama vya wasioona, na watu wapewe nafasi ya kuzishika kabla hazijaingia sokoni.

Nasi tusiokuwa na mamlaka ya kuchapa fedha tunao wajibu wetu. Unapomlipa asiyeona, taja kila noti unapoiweka mkononi mwake, moja moja, bila haraka. Usimnyang'anye mkoba ili "umsaidie" kuhesabu. Usimtajie kwa sauti kubwa jumla ya fedha zake mbele ya watu. Na mtoto wako akuonapo ukifanya hivyo, atajifunza heshima kuliko katika mahubiri marefu.

Hata hivyo, adabu yetu isije ikawa kisingizio cha dola kuchelewa. Watu wema hawatakuwapo katika kila stendi na kila saa. Mama muuza karanga anastahili kuishika noti, kupitisha kidole ukingoni, na kusema mwenyewe, "Hii ni elfu kumi, mwanangu, siyo elfu tano, ngoja nikupe chenji yako kamili." Siku hiyo mteja mwaminifu naye atakuwa amelindwa dhidi ya makosa yake mwenyewe.